Misisi: Mkanda wa chuma hautapika sombe, kwanza moto

MISISI, Fizi – Kuna video zinazozunguka kwenye simu za wafanyabiashara wa mji huu. Mashine ndefu ya chuma kinachong'aa, katikati kuna mkanda wa waya unaotembea polepole. Upande huu mtu anaweka unga mbichi uliokandwa, upande ule unatoka umeiva, rangi ya kahawia, moshi hakuna. Anayeonyesha video anasema: “Hii ndiyo maendeleo. Hii ikifika Misisi, wale mama wa mbabula watafunga.” Wanaomsikiliza wanatikisa kichwa, wengine wanauliza bei ya Dubai, wengine bei ya Guangzhou.

Ni vizuri watu kuwa na hamu ya vitu vizuri. Lakini hamu hii imepotea njia, na ikiachwa hivi itakula pesa za watu, itawaacha mama wa migahawa katika moshi uleule, na itawapa viongozi nafasi nyingine ya kupigwa picha mbele ya mashine isiyowaka. Misisi haina tatizo la mkanda. Misisi ina tatizo la moto.

Mashine hii inafanya nini

Tanuri la mkanda si uchawi. Ni sanduku la chuma lenye joto ndani, na mkanda wa waya unaovutwa na mota ndogo. Joto linatoka juu na chini, ama kwa nyaya za umeme, ama kwa gesi, na katika mashine nyingi feni inapuliza hewa ya moto kwa nguvu juu ya chakula. Mwendo wa mkanda ndio saa yake: ukiupunguza chakula kinakaa ndani zaidi, ukiuongeza kinatoka upesi. Katika miji ya Marekani na Ulaya maduka ya piza yanapenda mashine hii kwa sababu piza inaiva ndani ya dakika 5 hadi 7, na kijana aliyeanza kazi jana anaweza kuiendesha bila kuunguza. Kuna ndogo za kuchoma vipande vya mkate hotelini asubuhi. Kuna ndugu zake wakubwa, marefu kama basi, katika viwanda vya mikate vya miji mikubwa.

Sasa mtu ajiulize: vyakula vyote hivyo vina nini kinachofanana? Ni vyembamba, ni vikavu, vina ukubwa mmoja, na vinaiva upesi. Mashine imetengenezwa kwa ajili ya vitu vya namna hiyo.

Mchimbaji anayetoka shimoni saa nane mchana anakula nini? Anakula bugali na sombe. Anakula maharage. Anakula ndagala kutoka Baraka, au samaki wa kukaushwa aliyepanda barabara kutoka ziwani. Bugali unasongwa kwenye chungu, kwa mwiko na nguvu za mkono. Sombe inatwangwa, kisha inachemshwa kwa muda mrefu, na muda huo si wa mapambo: majani ya muhogo yana sumu inayotolewa kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Maharage yanataka saa nzima na zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kulala juu ya mkanda wa waya na kutoka upande wa pili baada ya dakika 7. Chungu hakipiti hapo.

Kinachobaki ni mkate, na pengine kuku. Kwa mkate, maneno yana uzito kidogo. Mwokaji mikate wa Misisi anatumia tanuri la matofali linalokula kuni, na joto lake linapanda na kushuka. Mkate mmoja unaungua, mwingine unabaki mbichi katikati. Mashine ingemsaidia. Lakini hata yeye atagonga mlango uleule ambao kila mmoja katika mji huu anaugonga.

Umeme uko wapi?

Misisi haina umeme wa SNEL. Usiku mji unawaka kwa majenereta na paneli za jua. Paneli mbili au tatu zinatosha taa, redio, kuchaji simu, friji ndogo ya butike. Hazitoshi kitu kinachozalisha joto, maana hakuna kazi inayokula umeme kuliko kupasha moto.

Hesabu ni rahisi na kila mfanyabiashara anaweza kuirudia. Tuseme ni tanuri la mkanda la umeme la ukubwa wa kati, la kilowati 15. Liendeshwe saa 10 kwa siku, na tuseme kwa wastani linatumia nusu tu ya nguvu zake, kwa sababu likishapata joto linapumzika. Hiyo ni kilowati-saa 75 kwa siku. Jenereta nzuri ya mazutu inatoa kama kilowati-saa 3 kwa lita 1. Basi ni lita 25 kila siku. Fusti ya lita 200 inaisha kwa siku 8. Na hiyo ni jenereta nzuri. Zile zilizochoka zinakunywa zaidi.

Mazutu hiyo inafika Misisi kwa barabara gani? Kwa Barabara ya Taifa namba 5, ileile ambayo wakati wa mvua lori linazama kwenye tope na kulala hapo, na ambayo madereva wanaijua kwa vizuizi vyake kuliko kwa kilomita zake. Kila kizuizi kinaongeza kitu juu ya bei ya lita. Mwokaji ataiweka wapi bei hiyo? Ataiweka kwenye mkate, na atakayelipa ni mtoto aliyetumwa na franka za mkate mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo wenye video hawalisemi. Kuchoma mazutu ili kupata umeme, kisha kugeuza umeme huo kuwa joto, ni kama kubeba maji kwa kikapu. Karibu theluthi mbili ya moto wa mazutu inatoka kwenye bomba la moshi na ubavuni mwa injini kabla mkate haujaona joto lolote.

Wengine watasema: basi tuweke paneli za jua. Kwa kilowati-saa 75 kwa siku zinahitajika paneli karibu 50 za wati 400 kila moja, pamoja na betri za kushika moto wa asubuhi na mapema, saa ambayo mwokaji anafanya kazi na jua bado halijatoka. Mwenye uwezo wa kununua hayo yote kwa ajili ya tanuri moja hayuko katika soko la Misisi, na kama yuko, ana mambo mengine ya kununua.

Bado vipuri havijatajwa. Mota ya mkanda ikiungua, nyaya za joto zikikatika, kadi ya elektroniki ikipigwa na umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, fundi atatoka wapi? Kila mtu katika Fizi anajua mashine fulani iliyoletwa kwa sherehe, ikakatwa utepe, ikafanya kazi miezi michache, kisha ikawa kiota cha kuku. Hakuna haja ya kuitaja. Kila kijiji kina ya kwake.

Dhahabu inakwenda, mashine inakuja

Hapa ndipo hasira inapostahili. Misisi si mji maskini. Ardhi yake imetoa dhahabu kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi dhahabu ya Kivu Kusini inavyopita mipaka kimagendo kuelekea nchi jirani na hatimaye Dubai. Sasa mtoto wa Misisi anaambiwa maendeleo ni kwenda Dubai kununua tanuri. Dhahabu inatoka hapa bila kuacha hata nguzo moja ya umeme, halafu sehemu ndogo ya pesa yake inarudi ikiwa chuma kinachohitaji umeme huo ambao haupo. Biashara gani hiyo?

Na si kwamba Congo haina nguvu za maji. Inga 1 ilianza mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na Inga 2 mwaka 1982 ikiwa na megawati 1,424. Nyaya zake zilivutwa mpaka Katanga kwa ajili ya shaba. Lakini mtu wa Fizi hana haja ya kutazama mbali hivyo. Kusini mwa Misisi, kwenye barabara hiyohiyo ya Kalemie, kuna Bendera, na hapo kuna kituo cha umeme wa maji cha mto Kyimbi kilichojengwa enzi za Wabelgiji ili kuangazia Kalemie na viwanda vyake. Wazee wanakumbuka kwamba mwishoni mwa Juni 1965 wapiganaji wa Simba pamoja na Wakuba wa Che Guevara waliishambulia ngome iliyokuwa ikilinda kituo hicho. Watu walikufa kwa ajili ya mahali umeme unapotoka. Miaka 60 imepita, na mama wa Misisi bado anapuliza makala kwa kipande cha katoni.

Na mito haijaisha. Mutambala inashuka kuelekea ziwa karibu na Baraka. Milima ya Fizi na Itombwe inateremsha maji mwaka mzima. Anayesema haiwezekani aangalie Kivu Kaskazini: kituo cha Matebe, katika Rutshuru, kilifunguliwa mwishoni mwa 2015 kikiwa na zaidi ya megawati 13, katika eneo ambalo vita havikuwa vimekwisha. Goma, mwaka 2020, kampuni ya Nuru ilizindua mtambo wa jua wa megawati 1.3. Yote haya yalifanyika mashariki mwa Congo, na matatizo yaleyale ya barabara, kodi na bunduki.

Sheria nayo ipo. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilivunja ukiritimba wa SNEL na kufungua mlango kwa makampuni binafsi na majimbo. Ibara ya 48 ya Katiba ya 2006 inasema wazi kwamba haki ya kupata maji safi na nguvu za umeme imehakikishwa. Wabunge waliochaguliwa na watu wa Fizi wanaijua ibara hiyo. Walishawahi kuulizwa wameifanyia nini? Wakati wa kampeni wanakula kwenye migahawa hiyohiyo ya moshi, wanasifu sombe, wanapanda gari.

Moshi unaua, na unaua wanawake

Wapo wanaosema: kama umeme haupo, basi mambo yabaki yalivyo, mbabula imelisha mji huu na itaendelea kuulisha. Hao nao wamekosea, tena kosa lao ni kubwa zaidi, kwa sababu wanaohukumiwa na maneno hayo ni wanawake.

Aingie mtu yeyote saa tano asubuhi nyuma ya malewa ya sokoni. Mbabula nne au tano zimepangwa mstari chini ya bati la chini, kuta za turubai, dirisha hakuna. Mama anasonga bugali wa watu 30, mtoto yuko mgongoni, macho yanatoka machozi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Makala hayatoi moshi mwingi unaoonekana kama kuni, na kwa hiyo watu wanayaamini. Lakini yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo katika chumba kilichofungwa inaua mtu akiwa amelala.

Tena Misisi ina hatari yake ya pekee. Katika miji ya dhahabu zebaki inachomwa ili ibaki dhahabu, na mahali popote ambapo mbabula ya kupikia na mbabula ya kuchomea dhahabu zinakaa ua mmoja, mvuke wa zebaki unaingia kwenye chakula na kwenye mapafu. Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka uchomaji wa namna hiyo katika makazi ya watu ukomeshwe. Kuuondoa hapo hakuhitaji dola elfu za mashine. Kunahitaji amri ya mkuu wa sekta ya Ngandja na mtu wa kuisimamia.

Na msitu? Kwa tanuri la udongo la msituni, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 hadi 10 za kuni. Gunia la kilo 50 ni kilo 250 hadi 500 za mti. Misisi iko ubavuni mwa misitu ya Ngandja na Kabobo, ambako sokwe bado wanaishi, na ambako watafiti waliotembea huko mwanzoni mwa 2007 walirudi na aina 6 za wanyama ambazo sayansi haikuwa inazijua. Leo mchoma makala anakwenda mbali zaidi kuliko jana, na gunia linapanda bei. Mama wa mgahawa analipa umbali huo kila asubuhi.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Kati ya mashine ya Dubai na mbabula ya bati kuna njia ya tatu, na haina sherehe.

Jiko la udongo ndani ya chuma, lile Wakenya walilolieneza tangu miaka ya 1980, linapunguza makala kwa karibu theluthi moja, na likitengenezwa vizuri hata nusu. Udongo wa mfinyanzi upo Fizi. Mafundi wa kuchomelea vyuma wapo Misisi; wanatengeneza milango, pampu na vifaa vya machimbo, watashindwaje jiko?

Kwa vyungu vikubwa kuna jiko la roketi la matofali: mlango mdogo wa kuni chini, njia nyembamba ya moto, chungu kinakaa ndani ya shimo lake, na bomba linatoa moshi nje juu ya paa. Shule nyingi za Uganda na Kenya zinapikia hivyo watoto mamia. Linatumia vijiti vidogo, tena chini ya nusu ya kuni za mafiga matatu. Halihitaji umeme, halihitaji kipuri kutoka ng'ambo. Mwokaji mikate naye anaweza kujenga upya tanuri lake kwa kuta nene zaidi, mlango unaofunga na bomba lenye kizuizi, na joto likatulia.

Pesa ya tanuri moja la mkanda, pamoja na jenereta, pamoja na usafiri, pamoja na kodi za njiani, ingejenga majiko ya roketi kwa mstari mzima wa migahawa ya sokoni. Lakini nani atapigwa picha mbele ya jiko la matofali? Hapo ndipo penye ugonjwa. Mradi usiong'aa hauna mfadhili, hauna mbunge, hauna utepe.

Kuna watakaosema huu ni woga wa mashine, kwamba mtu wa Misisi anahukumiwa kubaki na matofali wakati wengine wanakula vya mkanda. Si hivyo. Siku umeme wa mto utakapofika, mwokaji alete tanuri lake la mkanda na watu watafurahi kwa mkate ulioiva sawasawa. Lakini siku hiyo pia maneno ya yule wa video yasisahauliwe: “wale mama watafunga.” Alisema kwa kicheko. Wale mama wengi ni wajane, wengi wamekimbia vita na kufika hapa mikono mitupu, na chungu ndicho kinacholipa shule ya watoto wao. Mtaka maendeleo yanayoanza kwa kuwafunga hao hana sababu ya kuyaita maendeleo. Mashine ije kwa mikono yao, katika vyama vyao vya akiba, au isije.

Kwa hiyo maswali yaende yanakostahili. Wafanyabiashara wafanye hesabu ya mazutu kabla ya kutuma pesa. Wenye mashimo na wanunuzi wa dhahabu, ambao wanakula kwenye migahawa hii kila siku, waulizwe wamechangia tofali ngapi. Sekta ya Ngandja, inayokusanya kodi ya soko kwa mama hao kila wiki, iwaonyeshe bomba hata moja la moshi lililojengwa kwa kodi hiyo. Na wabunge, wakirudi tena kuomba kura, wapokelewe nyuma ya malewa, saa tano asubuhi, waketi hapo mpaka sombe iive.